Siagi ya Jumatano

Sura ya Saba

"Nusa," alisema Weyzero Beletu, akamsogezea mkurugenzi daftari hadi puani, kama mwanamke anayeuza samaki wa jana.

Daktari Alemseged alirudisha kichwa nyuma. "Ninuse nini?"

"Nusa tu, Daktari. Haliumi."

Mkurugenzi akanusa, kwa adabu, kwa ncha ya pua. "Halinuki kitu."

"Haya, na hili." La pili lilitoka wilaya nyingine, na kabla halijamfika usoni mkurugenzi alishapiga chafya mbili. Lilikuwa na moshi wa samadi, lilikuwa na alama ya kidole chenye pilipili, na katikati ya kurasa kiroboto alikuwa amekufa kifo cha heshima.

"Hilo limekaa siku saba kwenye nyumba za watu," Beletu akasema, macho yakimng'aa. "Lakini haya ya Sar Amba, yote ishirini, safi kama shuka la ubatizo. Hayajawahi kuona jiko. Yametungwa, Daktari! Yametungwa mezani!"

"Si ndiyo ninayosema tangu juzi?" Mkurugenzi alipiga meza. "Yule msichana hakwenda Sar Amba. Amekaa hotelini amejifunika blanketi, akatuwekea alama za vema kwenye visanduku. Asante, Weyzero Beletu. Umenimalizia kazi."

Beletu akayashusha madaftari. Alikuwa amekuja na ushahidi wa kumwokoa mtu, kwamba haya siyo madaftari aliyorudi nayo msichana, na sasa ushahidi huohuo umemfunga mtu kamba.

Kazi yake katika Ofisi ya Takwimu za Lishe, hapa Debre Berhan, ilikuwa na jina refu kuliko mlango wake: Msimamizi wa Data na Maadili ya Utafiti. Kwa maneno ya jikoni, mtu akishatoa siri ya chungu chake, Beletu ndiye aliyehakikisha siri hiyo haichezewi, haipotei wala haigeuzwi. Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo, na wenzake, waliomwita Weyzero, yaani Bibi, walimwogopa kuliko mkaguzi wa Wizara, kwa sababu mkaguzi huja mara moja kwa mwaka.

Na leo, Ijumaa, saa nane mchana, mkurugenzi alitakiwa kupiga simu Wizarani kusoma orodha ya wilaya zitakazopewa unga wa lishe wa watoto msimu huu. Kwa majibu ya madaftari yale ishirini, watu wa Sar Amba walikula siagi, mayai na nyama kama maharusi. Kwa hiyo Sar Amba imekatwa. Mwenyekiti wa kule alikuwa ameleta barua ya mistari miwili: watoto wetu wanakula chumvi na upepo, hiyo siagi mliiona kwa nani? Barua ndiyo iliyozua balaa lote. Na saa nane hiyohiyo, mdadisi Yeshiareg, aliyetumwa Sar Amba kukusanya majibu, angekabidhiwa kwa polisi.

"Ipo njia fupi," mkurugenzi akasema. Alionyesha kabati la chuma. Ndani yake mlikuwa na bahasha yenye lakiri nyekundu, yenye majina ya kina mama wote ishirini na alama za dole gumba walizoweka walipokubali kuulizwa. "Fungua bahasha. Gari lipo. Polisi wawili, nyumba tatu, tunawauliza kama walimwona msichana au hawakumwona. Saa saba tumerudi."

"Hapana."

"Weyzero Beletu..."

"Wale kina mama waliambiwa majina yao hayatatoka kwenye kabati hili. Hawakuambiwa hayatatoka mpaka siku tutakapobanwa." Alijiweka mbele ya kabati, na kwa upana wake kabati lilipotea kabisa. "Ukipeleka polisi kwa mwanamke aliyekuambia anakula nini, mwakani atakuambia anakula keki."

Mkurugenzi alitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika tano.

"Basi nipe kitu kingine. Kisichotaka kunuswa. Una mpaka saa nane."

*

Yeshiareg alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, amejitanda shuka lake la pamba hadi kidevuni, macho mekundu. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa na viatu vilivyokwisha visigino vyote viwili. Beletu aliviona viatu kwanza.

"Umelia?"

"Kidogo, Etiye," akasema, kama mtu anayemwita shangazi yake.

"Acha, utaendelea baadaye. Ulifika Sar Amba lini?"

"Tarehe sita ya mwezi wa Tikimt. Jumatano. Jioni nikafikia kwa mama mmoja, anaitwa..."

"Usinitajie jina!" Beletu aliziba masikio kama mtoto. "Mungu wangu! Unataka na mimi wanifukuze? Sema namba."

"Nyumba namba nne," Yeshiareg akasema, na kwa mara ya kwanza akakaribia kucheka.

"Namba nne akakupa nini?"

"Mkate wa injera na mchuzi wa shiro, unga wa dengu na maji tu, hauna tone la siagi. Akaniomba radhi. Nikamwambia mama, hata ungekuwa nayo, leo si siku yake."

"Ukaondoka lini?"

"Tarehe kumi na mbili, siku ya Mikaeli. Jumanne. Madaftari nikayakabidhi stoo kwa Gashe Demisse tarehe kumi na nne."

"Yalinuka?"

"Yalinuka, Etiye? Kwenye basi mzee mmoja aliniuliza kama nimebeba mbuzi wa kukaushwa." Akashika mkono wa Beletu. "Sikutunga. Wale watu hawana kitu. Niliandika hawana kitu, ukurasa kwa ukurasa. Kuna mtoto kule ana miaka mitatu na bado hajatembea. Nani amemwandikia mayai?"

Beletu alikuwa ameshafika nusu ya ngazi za kwenda stoo, na kwa mwanamke wa umri wake alikuwa anaziruka mbilimbili.

*

Gashe Demisse, au Mjomba Demisse kwa heshima, mtunza stoo, alikuwa mzee mrefu aliyeandika kila kitu katika kitabu chake kikubwa, hata sindano. Alipomwona Beletu mlangoni alisimama haraka, akaegemea rafu ya nyuma kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia ukuta usianguke.

"Weyzero Beletu! Baraka gani hii? Karibu, ila usiingie."

"Nyuma yako pana nini, Gashe?"

"Nyuma yangu? Mgongo."

"Sogea."

"Nina jongo, siwezi kusogea."

Funguo za stoo ni za mtu mmoja tu, na mtu huyo sasa alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ya kugandisha maji ya birika. Beletu akamshika kiwiko, akamvuta, na jongo likapona papo hapo. Nyuma ya rafu, kati ya madaftari ya miaka sita, palikuwa na jiko dogo la mkaa, na juu yake buli la udongo la kahawa likitoa mvuke.

"Moto!" Beletu alinong'ona. "Moto kwenye stoo ya karatasi!"

"Mdogo tu."

"Gashe Demisse, nilikuwa nimeshaanza kukufunga jela."

"Kwa kahawa?"

"Lete kitabu chako. Halafu nimiminie, kisha uuzime, na kesho nikiuona tena nitakumwagia wewe na buli lako."

Kitabu kilisema bila kigugumizi. Madaftari ishirini ya Sar Amba yaliingia kutoka kwa Yeshiareg tarehe kumi na nne. Tarehe kumi na tano yalitoka kwenda kwa Ato Surafel, yaani Bwana Surafel, mkuu wa chumba cha kuingizia data kwenye mashine. Yalirudi tarehe thelathini.

"Siku kumi na tano," Beletu akasema. "Ya wilaya nyingine yanakaa kwake siku mbili, tatu."

"Alisema ana mafua." Mzee alimpa kikombe.

"Huna maziwa ya kutia?"

Demisse akamtazama kama amemwona shetani amevaa miwani. "Maziwa? Leo Ijumaa, mama! Unataka nikuchinjie na kuku kabisa?"

Kikombe kikabaki hewani, nusu njia ya kwenda mdomoni.

Ijumaa. Watu wa kanisa la hapa hufunga, hawagusi siagi, maziwa, yai wala nyama siku ya Jumatano na siku ya Ijumaa, na Sar Amba yote, kuanzia mwenyekiti hadi kichaa wa sokoni, ni watu wa kanisa. *Leo si siku yake,* Yeshiareg alimwambia yule mama. Jumatano. Tarehe sita.

"Gashe," akasema taratibu, "nishikie hiki kabla sijakimwaga."

Alilitoa rundo la Sar Amba kwenye mfuko alioning'iniza begani, akalifungua daftari la kwanza. Ndani hamkuwa na majina ya siku, ila tarehe tu, sita hadi kumi na mbili, na chini ya kila tarehe visanduku: shiro, siagi, maziwa, yai, nyama. Hakuna mwandiko wa kumshikia mtu, ni alama za vema tu. Akatembeza kidole. Tarehe sita, siagi na mayai. Tarehe saba, shiro peke yake. Nane, siagi na nyama. Tisa, shiro peke yake. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, siagi kama mvua.

Akachukua la pili. Hivyohivyo. La tano. La kumi na moja. La ishirini!

"Sita ni Jumatano," alihesabu kwa vidole, sauti ikipanda, "wanakula siagi! Saba ni Alhamisi, wanafunga. Nane ni Ijumaa, wanakula nyama! Tisa Jumamosi, wanafunga. Gashe Demisse, Sar Amba wamepata dini mpya! Wanafunga Alhamisi na Jumamosi!"

"Yesu Maria." Mzee alijifanyia ishara ya msalaba. "Basi msichana kweli katunga, na kakosea siku."

"Yeye? Wiki ile ile ikiwa inapita?" Beletu alitingisha kichwa hadi kitambaa kikalegea. "Hata angekuwa mwongo wa kulipwa, hata angekuwa amelala hotelini, wiki hiyo angejua leo ni Jumatano, kwa sababu angeagiza chai ya maziwa wangemwangalia kama ulivyoniangalia mimi sasa hivi. Aliyetunga haya alitunga baadaye. Anajua mfungo, akajitahidi kuwafungisha watu siku mbili kwa wiki. Lakini siku alizihesabu kwa kutazama karatasi, na karatasi ikamdanganya."

"Karatasi gani?"

Wote wawili, pamoja, waligeuka kutazama ukuta. Pale msumarini ilikuwa kalenda yenye picha ya malaika Gabrieli, imefifia kama chai ya wageni wengi. Ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita.

Gashe Demisse akarudi nyuma hatua moja. "Usiniangalie hivyo, Weyzero Beletu. Nina wajukuu."

"Kwa nini hujaitoa?"

"Nimtupe Gabrieli wapi? Jalalani?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kumtupa mtakatifu kwenye taka, na ndiyo maana kuta za ofisi zina tarehe za marehemu. Beletu alisogea, akaitafuta Tikimt, akahesabu akitembeza midomo.

"Ya kwako ingewafungisha tarehe kumi na tarehe kumi na mbili," akasema mwishowe. "Umesalimika, Gashe. Kalenda yako ni kuukuu mno kufanya uhalifu huu."

Mzee alikaa chini juu ya boksi.

"Mtu wetu amekosea kwa siku moja tu," Beletu aliendelea, akitembea huku na huku katikati ya rafu. "Saba badala ya sita, tisa badala ya nane. Kutoka mwaka jana hadi mwaka huu kila tarehe imesogea siku moja. Sita ya Tikimt mwaka huu ni Jumatano, mwaka jana ilikuwa Jumanne. Natafuta kalenda ya mwaka jana. Chukua kitabu chako, twende."

"Mimi? Niende kufanya nini?"

"Kuwa shahidi. Na uache kutetemeka, utaonekana wewe ndiye mwenye hatia."

*

Saa saba na robo. Chumba cha kuingizia data kilikuwa safi, na Ato Surafel ndani yake alikuwa msafi zaidi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, kalamu tatu mfukoni. Ukutani, mkabala na kiti chake, ilining'inia kalenda yenye Bikira Mariamu wa rangi mbichi kabisa.

Ya mwaka huu.

Beletu akaisoma tena namba ya mwaka. Gashe Demisse nyuma yake akakohoa kikohozi cha kutaka kwenda nyumbani.

"Etiye Beletu, karibu! Habari ya msichana? Inasikitisha, kwa kweli. Vijana wa siku hizi."

"Inasikitisha," Beletu akakubali. "Mafua yamepona?"

"Mafua yapi?"

"Yaliyokuweka na madaftari ya Sar Amba siku kumi na tano."

"Aa, yale! Yamepona, yamepona."

"Mariamu mzuri huyo."

"Tumegawiwa na ofisi, Etiye."

"Lini?"

"Mwaka mpya, bila shaka."

Gashe Demisse, ambaye hakuwahi katika maisha yake kuvumilia ingizo lisilo sahihi, alisahau woga. "Mwaka mpya? Mwaka huu kalenda zilichelewa kwa mpiga chapa!" Alifungua kitabu, akalamba kidole. "Hii hapa. Kalenda moja, Ato Surafel, mwezi wa Hidar tarehe nne. Sahihi yako hii, yenye mkia."

Hidar. Na madaftari yalirudi stoo mwisho wa Tikimt, mwezi wa pili wa mwaka, kabla ya Hidar kuanza. Beletu alisogea ukutani. Msumari ulikuwa mmoja, na kalenda ile ilikuwa imesimama mbele kidogo kuliko inavyopaswa, kama mtu aliyevaa makoti mawili. Akaishika kwa chini, akaiinua taratibu.

Chini yake alikuwa Mariamu mwingine. Wa mwaka jana.

"Siwezi kumtupa," Surafel alisema haraka. "Hakuna anayeweza."

"Hakuna, mwanangu. Nisomee. Hapa, tarehe sita ya Tikimt ni siku gani?"

"Jumanne. Lakini kalenda si ushahidi, Etiye. Mashine yangu ina tarehe."

"Mashine yako inahesabu tarehe za wazungu. Daftari linataka zetu. Na hapa juu, sita ni siku gani?"

Surafel alitazama. Midomo yake ikasogea bila sauti. Beletu alimwona akihesabu, alimwona akifika, na alimwona akitamani asingefika.

"Jumatano," akasema.

"Nyumba ishirini za Sar Amba zimekula siagi siku ya Jumatano. Nani aliwapikia?"

Kalamu moja ilimdondoka mfukoni, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mama mkwe wangu," Surafel alisema kwa sauti ndogo.

"Aliwapikia mama mkwe wako?"

"Hapana! Yeye... Niliyachukua madaftari nyumbani. Jumamosi moja tu, Etiye, nimalize kazi. Najua kanuni, hata karatasi moja haitoki kwenye jengo. Niliyaweka kwenye kibanda cha jikoni, kwenye kikapu. Mama mkwe alikuja kukaanga kahawa, kuni mbichi, akakuta karatasi zinanuka moshi. Akaona ni za kuwashia."

Gashe Demisse aliziba uso kwa kitabu chake. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na haikuwa kwa kilio.

"Yote ishirini?" Beletu akauliza.

"Alikuwa na wageni."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Daktari Alemseged? Niitwe mpaka kufa yule aliyechomewa data na mama mkwe wake? Nikachukua madaftari mapya yaliyobaki hapa kwangu, nikajaza. Nilikuwa mwangalifu! Niliwafungisha Jumatano na Ijumaa, nilijua mtu kama wewe ungetazama."

"Nimetazama. Sasa niambie hili moja, maana linanikereketa. Kwa nini siagi? Ungewaandikia shiro wiki nzima, mimi na wewe tusingekuwa tunaongea."

Surafel alivua miwani. Bila miwani alionekana kijana wa shule.

"Nilianza na shiro," akasema. "Nyumba ya kwanza, shiro. Ya pili, shiro. Nilipofika ya tatu nikaona aibu, Etiye. Nimekaa hapa nimeshiba, nawapikia watu njaa kwa kalamu. Nikasema, angalau kwenye karatasi na wao wale vizuri."

Gashe Demisse akakishusha kitabu usoni.

"Uliwalisha vizuri sana," Beletu alisema. "Watoto wao wamekatwa unga kwa siagi yako. Na msichana anangoja polisi kwenye benchi. Inuka."

*

Walimfikia mkurugenzi saa nane kasoro dakika nne. Tayari alikuwa ameshika simu mkononi, orodha mbele yake. Ukumbini askari mmoja alikuwa anasoma ubao wa matangazo, na Yeshiareg alikuwa amesimama karibu naye, ameshafunga shuka lake kiunoni kwa safari.

"Weka simu chini, Daktari," Beletu alisema akihema. "Halafu msikilize huyu. Aseme mwenyewe."

Surafel alisema mwenyewe. Ilichukua dakika mbili, na mkurugenzi alimkatiza mara moja tu, alipofika kwa mama mkwe, kuuliza, "Alifanyaje?"

Kengele ya simu ikalia. Ilikuwa Wizara, hawakungoja saa nane ifike.

Daktari Alemseged alitazama simu, akamtazama Beletu. "Sasa nisome nini? Sar Amba sina data. Nina majivu."

"Kanuni ya kumi na moja. Wilaya haikatwi unga kwa majibu ambayo hayapo. Inabaki ilivyokuwa msimu uliopita mpaka utafiti urudiwe. Uliitia sahihi mwenyewe, Daktari. Siku ile ulisema natumia wino bure."

Mkurugenzi alichukua kalamu. Alipouinua mkono wa simu sauti yake ilikuwa kavu, ya kiofisi, lakini neno lilitoka wazi hadi ukumbini: "Ndiyo. Sar Amba ibaki. Rudisheni kwenye orodha."

Nje ya mlango Yeshiareg alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni, kisha akamkumbatia aliyekuwa karibu zaidi, ambaye kwa bahati alikuwa askari.

"Jumatatu unarudi kule," Beletu alimwambia, akimbandua. "Wadadisi wawili, na madaftari mapya. Na unaanza upya kabisa: unabisha hodi, unaeleza, unaomba ridhaa. Waliokubali Tikimt si lazima wakubali sasa. Namba nne akikataa, unasema asante unaondoka."

"Namba nne hatakataa, Etiye."

"Na kabla hujaenda, viatu vishonwe."

Kwenye kabati la chuma Gashe Demisse alikuwa anangoja, kitabu kimefunguka juu ya goti. Beletu aliitoa bahasha, akaigeuza mbele yake. Lakiri nyekundu ilikuwa nzima, bila ufa hata wa unywele. Ndani yake wanawake ishirini walikuwa wameweka dole gumba, na mpaka saa hiyo, mbali na msichana aliyebisha hodi kwao, hakuna mtu katika jengo zima, hata yeye, aliyewajua.

"Niandikeje?" mzee aliuliza. "Haikutoka."

"Andika hivyohivyo."

Akaandika, akitamka kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza: *Bahasha ya Sar Amba. Iliombwa ifunguliwe. Haikufunguliwa.* Akapuliza wino ukauke, kisha akamgeuzia kitabu atie sahihi.